Jeshi la Trei ya Mayai

Nina miaka arobaini na mbili, mke mmoja, watoto wawili na jeshi. Jeshi lenyewe lina askari mia moja na kumi na tisa, mrefu kuliko wote hafiki kidole gumba changu, na kwa miaka mingi watu waliojua kwamba lipo walikuwa wanne tu, nami nikiwamo. Watoto walifundishwa mapema kwamba ya baba hayasemwi nje. Nyumba nyingine zikificha kitu huwa ni chupa ama mke wa pili. Yetu ilificha vijitu vyenye bunduki.

Vilinipata soko la Gikomba. Nilikuwa nimeenda kutafuta viatu vya kazi, nikapita kwa muuzaji wa vitu vya kuchezea vya mitumba, na pale chini, kati ya magari yasiyo na magurudumu, palikuwa na mfuko umefungwa fundo. Ndani askari, wengine wa plastiki, wengine wa madini mazito ya kijivu, rangi imewabanduka kama ukuta wa choo cha ploti ya kupanga. Nilimwambia muuzaji nawachukulia watoto. Hakuwa ameniuliza.

Baadaye nikaona kwenye simu kwamba huko nchi za baridi kuna watu wazima, wenye ndevu na mikopo ya nyumba, wanaopaka rangi vijitu kama hivi, wanavipanga kwenye meza yenye vilima vya bandia, halafu wanapigana vita kwa dadu na rula. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne na sikumbuki mtu akitutajia kazi kama hiyo. Wa kupigana naye sikumpata mtaa wetu mzima wa Umoja, kwa kuwa sikuthubutu kuuliza, kwa hiyo mkono wangu wa kulia ukawa unapigana na wa kushoto. Wa kushoto haujashinda hata mara moja. Sijui kama ni bahati mbaya ama ni upendeleo wa mwamuzi.

Lakini kusema kweli vita havikuwa ndiyo raha yangu. Raha yangu ilikuwa kuwapanga. Kazini mimi ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na mtu wa stoo huwa haachi stoo kazini. Askari wa kawaida walilala kwenye trei za mayai, mmoja kila shimo, kwa maana trei ya mayai ilitengenezwa na mtu aliyeelewa kwamba vitu vidogo havipendi kugusana. Wenye mikuki, ambao hawatoshei shimoni, niliwagundishia vipande vya bati chini ya miguu, kisha nikabandika sumaku za spika mbovu ndani ya mkebe wa biskuti. Ukiubeba mkebe, wamesimama wima kama gwaride la sikukuu ya Jamhuri. Rangi zilikaa kwenye chupa za dawa ya kikohozi, burashi kwenye kasha la miwani. Kila mkebe ulikuwa na kadi yake kama za kazini: FARASI. BUNDUKI. WANAOSUBIRI MIGUU. WASIO NA VICHWA, ROHO ZIPO.

“Siku utakayokufa,” mke wangu aliniambia aliposoma hiyo ya mwisho, “mimi ndiye nitakayeulizwa.”

Kila kitu kilikuwa na mahali pake, isipokuwa mahali penyewe. Tunaishi vyumba viwili katika nyumba iliyoongezwa juu ya nyumba, ambayo nayo ilikuwa imeongezwa mbele ya nyumba. Kona ya pekee iliyobaki chumbani, kati ya kitanda na dirisha, ilikuwa imekaliwa na vyombo vya chama.

Chama ni cha akina mama wa kanisani, wengi wao watu wa kwetu magharibi, na mke wangu ndiye mtunza vyombo. Kukiwa na matanga, kukiwa na wageni wa mahari, kreti za plastiki zinatoka kwetu na sufuria zinatoka kwa jirani. Vikombe walikubaliana vifanane, vyeupe vitupu, ili meza ionekane ya watu waliojipanga. Kila mama alileta dazeni yake. Na kwa kuwa vinafanana, kila mmoja alitia alama yake chini ya kikombe kwa rangi ya kucha: huyu mstari, yule msalaba, mwingine nukta. Mama akihama ama akikosana na wenzake, anapindua vikombe na kuchukua vyake. Hakuna mtu anayechezea alama ya mwenzake. Katika mitaa yetu mwanamke anaweza kusamehe aliyemsengenya, lakini aliyeenda na kikombe chake atamkumbuka hata mbinguni.

Sasa, Jumamosi moja mke wangu alikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya, watoto walikuwa wanacheza nje, nikaona ni siku nzuri ya kuwavua wale askari wa madini rangi zao za zamani. Kazi hiyo hufanywa kwa thina, ile ya mafundi wa rangi. Unamtumbukiza askari, unamsugua kwa mswaki, anatoka uchi. Wa plastiki huwezi. Nilijaribu mara moja, na kikosi kizima kikawa uji. Niliweka thina kwenye chupa pana ya jemu, nikaiweka juu ya kreti ya vikombe, kwa sababu meza ilikuwa imejaa trei. Vikombe vilikuwa vimepinduliwa, makalio juu. Nikageuka kuchukua mswaki, kiwiko kikagusa chupa, thina yote na askari kumi na wawili wakamwagika juu ya vikombe vya chama.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Thina inazoleka, na hapo ndipo nilipopotea. Ningeacha ikauke yenyewe pengine alama zingebaki zimefifia tu. Lakini mimi ni mtu msafi. Nilichukua fulana na kufuta haraka, kikombe baada ya kikombe, na nilipomaliza nilikuwa na vikombe ishirini na viwili vinavyong'aa kama meno ya mtoto, na fulana yenye madoa mekundu na ya buluu.

Nilikaa kitandani. Kreti hiyo ilikuwa ya wanawake wawili, hilo nililijua. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa chama, mama mrefu mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa pili. Alama yake ni nukta nyekundu. Wa pili alikuwa mama wa mandazi, anayeuza pale kwenye geti letu kila asubuhi. Yake ni nukta ya buluu. Alama nilizijua kwa sababu sahani zao zilikuwa kwenye kreti nyingine, salama. Nisichojua ni kikombe kipi cha nani. Lakini nikajiambia, vikombe vyote ni vilevile, dazeni mbili ni ishirini na nne, viko ishirini na viwili, basi kila mmoja alivunjikiwa na kimoja. Kumi na kimoja hapa, kumi na kimoja pale. Daftari la chama lilikuwa juu ya kabati, umbali wa mkono. Mimi, ambaye kazini siwezi kumpa fundi hata boliti kabla ya kuangalia kadi, sikulifungua. Mke wangu angerudi muda wowote, na mikono yangu ilikuwa tayari imeshika burashi.

Na niseme ukweli wote, kwa kuwa huu ndio unaoniuma zaidi. Nilipoanza kuchora nilifurahia. Burashi yangu ndogo ina nywele zisizozidi kumi. Huwa naitumia kuwatia askari macho. Nukta za wale akina mama zilikuwa zimebandikwa ovyo, mtu akiwa na mtoto mgongoni. Zangu zilikuwa duara kamili. Na zilipokauka, mkono ukaenda wenyewe. Kwenye ngao za askari huwa naweka tone jeupe, dogo kama yai la chawa, juu upande wa kushoto, mahali ambapo mwanga ungegonga. Kila nukta nikaiwekea mwanga wake. Zote ishirini na mbili. Nikafungua dirisha harufu itoke, nikarudisha kreti mahali pake, na mke wangu aliporudi alinikuta nimepika chai.

“Leo kuna nini?” akauliza.

“Mtu hawezi kupika chai?”

“Anaweza. Huwa hapiki tu.”

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na wageni wa mahari kwa mmoja wa wanachama, katika uwanja wa ploti yetu. Nilibeba kreti kwenda, na jioni nikaitwa kuzirudisha. Wageni walikuwa wameondoka wakiwa wameshiba, mazungumzo yalikuwa yameenda vizuri, wanawake walikuwa wanaosha vyombo wakiimba. Vikombe vilikuwa vimelazwa kifudifudi juu ya gunia kukauka, na kila mama alikuwa anakusanya vyake. Mimi nilisimama na kreti tupu, nikiwa na amani yangu.

“Hebu ngoja,” mwenyekiti akasema. “Nina kumi na kimoja.”

“Tazama vizuri, dada, pengine kiko kwa beseni,” mwenzake mmoja akamwambia.

“Nimetazama.”

Karani wa chama, msichana wa makini anayefanya kazi ofisi ya kata, alifungua daftari. Akasoma kwamba mwenyekiti ana kumi na viwili, hajavunjikiwa hata kimoja. Mama wa mandazi alivunjikiwa na viwili kwenye matanga ya mwezi uliopita, amebaki na kumi.

“Kumi, ndiyo,” mama wa mandazi akasema, huku akihesabu vyake. Nikamwona akirudia kuhesabu. Mkono wake ukasimama. “Hapa viko kumi na kimoja.”

Kuimba kuliisha. Si kwamba mtu alinyamazisha mwenzake, kuliisha tu, kama maji ya mfereji yanapokatika.

“Kimoja kimezaa?” mwenyekiti akauliza.

“Mimi sijui, mwenyekiti. Chukua, ni chako.”

“Sijasema nataka kikombe. Nauliza kilivaaje nukta yako.”

Kisha akakiinua kikombe juani, akakigeuza. Nilijua anachokiona kabla hajakiona. Akawaita wenzake. “Njooni muone kazi ya mikono. Hii nukta si ile. Mtu alikaa chini, akatulia, akachora. Imewekwa hadi mwanga. Sisi tulitia zetu tukikimbizana na sufuria. Huyu alikuwa na nafasi.”

“Hata zako zina huo mwanga,” mama wa mandazi akasema.

“Ndiyo. Ulizipaka zote zifanane, ndio tusijue.” Halafu akasema jambo ambalo liliwafanya wengine wote watazame chini. “Hii kreti ilikuwa kwako wiki juzi, ama nasema uongo?”

Hakusema uongo. Mama wa mandazi aliiazima kwa ibada ya nyumbani, akairudisha Ijumaa ikiwa safi, siku moja kabla ya thina. Alijaribu kueleza, lakini kila aliposema, sauti yake ilikuwa inapanda, na mtu anayepandisha sauti kwa sababu ya kikombe tayari amehukumiwa.

Mke wangu aliomba aone. Alikipokea kikombe, akapitisha kidole gumba juu ya nukta taratibu, akaitazama kwa muda, akakirudisha. Hakunitazama. Hapo ndipo nilipojua amejua. Amelala kando ya ngao zenye mwanga juu kushoto kwa miaka sita.

Nafasi ya kusema ilikuwa ile. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Nilichosema ni, “Nibebe hizi sahani kwanza?”

Nyumbani sikuulizwa kitu. Ningeulizwa ningejibu, nilikuwa hata nimejiandaa kukasirika. Mke wangu alinipa chakula, akaniambia bei ya nyanya, akalala. Kesho yake hivyohivyo. Wiki nzima aliniongelesha kama mtu anavyomwongelesha mpangaji wa heshima.

Ploti nayo haikunyamaza. Kisa kilitoka uwanjani kikiwa kikombe kimoja; kilipofika kwa duka la kona kilikuwa nusu dazeni, na upande wa kinyozi kulisikika habari za sufuria. Vijana wa bodaboda walimpa mama wa mandazi jina jipya, mama wa vikombe. Na watu wakaacha kununua kwake. Si kwa kuapa, la, walianza tu kupita upande ule mwingine wa geti, kana kwamba mandazi nayo yangekuwa na alama ya mtu mwingine chini. Kufika saa mbili asubuhi, beseni lake, ambalo zamani lilikuwa tupu, lilikuwa bado limejaa hadi nusu, na kitambaa kimefunika.

Mimi sikupita upande mwingine. Mimi nilifanya vibaya zaidi. Siku zote nilikuwa nanunua mandazi manne, mawili ya watoto, moja la mke, moja langu. Nikaanza kununua kumi. Kumi kila asubuhi, kwa wiki tatu. Watoto waliyachoka, nikawa nayapeleka kazini, mafundi wakadhani nimepandishwa cheo. Niliona kwamba nalipa kitu, sijui nini. Na mama wa mandazi, ambaye ni mtu wa kwetu na huniita mulamwa, yaani shemeji, alikuwa ananifungia kwenye gazeti polepole kuliko wengine.

“Mulamwa, Mungu akuone,” aliniambia siku moja. “Kuna watu kwa hii ploti wameniacha hata salamu. Wewe unakuja tu.”

“Aah, kawaida, shemeji.”

“Si kawaida. Chukua hili la nyongeza.”

Nililichukua. Nililila nikitembea kuelekea barabara ya Outer Ring, likiwa moto, na lilikuwa tamu. Sitaki mtu adhani lilinikwama kooni. Lilishuka vizuri, na hilo ndilo linalonifanya mpaka leo nisipende kujiangalia kwenye kioo cha kunyolea muda mrefu.

Wiki ya tatu mke wangu akaligusa jambo lenyewe. Alikuwa anakunja nguo.

“Mkutano wa chama ni Jumamosi,” akasema. “Watakuja hapa kwetu.”

“Si ilikuwa zamu ya karani?”

“Nimeomba iwe zamu yangu. Wanataka kumtoa.”

“Kumtoa nani?”

Akakunja soksi, akaiweka. “Mimi niliolewa na mtu anayejua kila kitu kiko wapi,” akasema. “Kasoro ulimi wake.”

Jumamosi wakaja wote kumi na mmoja, wakajaa sebuleni hadi kwenye mikono ya viti. Mimi nilijificha chumbani pamoja na jeshi. Nilisikia wimbo, sala, chai, kisha sauti ya mwenyekiti ikisema kuna jambo la huzuni. Mama wa mandazi alikuwa amekaa karibu na mlango, nilimwona kwa ufa wa pazia, mkoba wake uko magotini, ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyekaa kwenye kituo akisubiri gari ambalo halisimami hapo. Nikatoka. Nilikuwa nimevaa kaptura na soksi. Kama ningerudi kuvaa suruali nisingetoka tena, nilijijua.

“Samahani, akina mama,” nikasema. “Ni mimi niliyepaka hizo nukta.”

Nilitarajia mshtuko. Hakuna aliyeshtuka. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma, akaweka kikombe chake chini.

“Shemeji,” akasema, “una roho nzuri. Lakini mzigo wa mtu mwingine usijitwike.”

“Si wa mtu mwingine. Nilimwaga thina, alama zikafutika, nikazichora upya.”

“Thina ya nini? Wewe ni fundi wa rangi?”

“Hapana.”

“Sasa thina ya nini chumbani kwa mtu?”

Nikaivuta kaptura juu. Na hapo niliona kitu kinapita kwenye macho yao: yanatoka kwangu, yanaenda kwa mama wa mandazi pale mlangoni, yanarudi kwa mke wangu, kwa pole. Mandazi kumi kila asubuhi, watu walikuwa wameyahesabu. Mume wa mtu anamtetea mwanamke mwingine mbele ya mkewe, akiwa amevaa soksi. Nilikuwa nimekuja kumtoa shimoni, nikamwongezea la pili.

“Lete trei,” mke wangu akasema.

“Ipi?”

“Zote.”

Nilizileta. Trei nne za mayai, mkebe wa biskuti, mikebe yenye kadi, kasha la miwani. Niliziweka mezani kati ya vikombe vya chai, na mke wangu akapindua kikombe kimoja kitupu, akakisukuma mbele yangu. “Chora.”

Nilichora. Mkono ambao hutia macho kwenye kichwa kikubwa kama harage sasa ulikuwa kazini mbele ya wanawake kumi na mmoja waliokuwa wameinama hadi nasikia wanavyopumua. Nukta ya buluu. Tukangoja ikauke, mtu alipepea kwa kitabu cha nyimbo. Kisha tone jeupe, juu kushoto. Karani wa chama aliweka kikombe hicho kando ya kile cha ushahidi. Wakapokezana.

“Ni mkono mmoja,” mwenyekiti akasema mwishowe.

Halafu mama mmoja mzee akachukua askari kutoka kwenye trei. “Na huyu ni nani?”

“Mpiga ngoma.”

“Anampigia nani?”

“Wale wengine. Wakienda vitani.”

“Wanaendaga?”

“Jumapili mchana,” nikasema, na hapo sebule ilipasuka. Walicheka hadi chai ikamwagika. Walisoma kadi kwa sauti, walipofika kwa wasio na vichwa ilibidi mtu atoke nje. Mmoja akasema kumbe ndiyo maana huonekani nje, sisi tulidhani unaumwa. Mwingine akasema yeye alidhani nakunywa kisirisiri.

“Heri angekunywa,” mke wangu akasema. “Chupa zikiisha unatupa.”

Nilisimama pale katikati, masikio yanawaka, na nitakiri nilianza kusikia nafuu. Kuchekwa si kitu kibaya sana. Ukichekwa unaona kama umeshasamehewa. Ndipo nikaona mama wa mandazi hacheki. Hakuwa amesogea hata mezani kuja kuona.

“Wiki tatu,” akasema. Hakupandisha sauti safari hii. “Kila asubuhi unakuja kwa meza yangu. Unajua. Unaniona beseni limejaa. Unanunua kumi, unanyamaza.”

“Nilikosea, shemeji.”

“Mimi nilikutaja kwenye maombi, mulamwa. Kwa jina. Nilisema, Baba, katika ploti nzima umeniachia mtu mmoja.”

Niliangalia zulia. Lina maua ambayo sikuwahi kugundua ni ya aina mbili.

Mwenyekiti alisimama akaomba sala ndefu, ndani yake akataja kwamba kama kuna yeyote aliyeumizwa kwa neno, Bwana amguse. Hiyo ndiyo njia yetu ya kuomba msamaha, unaupitishia juu ili usimwangukie mtu usoni. Kisha akaulizwa mama wa mandazi kama ameridhika, na kama atabaki chamani.

“Nitabaki,” akasema. “Lakini chama kimesikia, ploti haijasikia. Nyinyi mko kumi na mmoja. Wanaopita kwa geti ni wangapi?” Akanigeukia. “Jumatatu saa kumi na mbili na nusu uwe kwa meza yangu.”

“Kununua?”

“Kusimama.”

Jumatatu nikawa pale, kwenye baridi, nimevaa koti la kazi. Alikuwa ameshawasha jiko na mafuta yalikuwa yanachemka. Alinionyesha mahali, kando ya beseni, ambapo mtu akitoka getini lazima atuone wote wawili. Hakuniamkia. Wa kwanza kutokea alikuwa kijana wa bodaboda, kofia ya chuma mkononi, tayari ameanza kupinda kwenda upande ule mwingine.

“Mwite,” mama wa mandazi akasema.

Nikamwita. Nikamweleza. Nilianzia kwenye vikombe, akanikatiza akisema haelewi, alama zilifutikaje; ikabidi nianzie kwenye thina, na thina ikahitaji askari, na askari wakahitaji Gikomba.

“Ngoja, mzae,” akasema. “Unapaka rangi watoi wa kuchezea?”

“Askari.”

“Na ni wa nani?”

“Ni wangu.”

Alinitazama kutoka juu hadi chini, akatabasamu, na nikajua kwamba kabla ya saa nne mtaa mzima utakuwa na jina langu jipya. “Mathe, hakuwa wewe?” akamuuliza.

“Umesikia mwenyewe.”

“Basi nipe tatu.”

Akampa, akapokea, akafuta mikono kwenye aproni. Geti likalia tena. Alikuwa jirani wa chini, mwenye mkoba wa ofisi, mtu ambaye kwa miaka tisa tumesalimiana kwa kutikisa kichwa tu, na mimi ndiye niliyetaka ibaki hivyo.

“Kuna mwingine huyo,” mama wa mandazi akasema, akigeuza mandazi bila kunitazama. “Mwambie. Na usiruke ile sehemu ya hizo wiki tatu.”